Maji ya Jumatatu

Jumatatu ya tarehe tatu Juni mwaka 1996, Orrin Haskett alitoka ofisini kwenda kupima mafuta ya ndege kwa kijiti, kama afanyavyo kila Jumatatu, akakuta bwawa la kuogelea limejaa maji. Lilikuwa kavu tangu mwaka 1961. Asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa ametupa humo matairi mawili ya trekta, na sasa akayaona kule chini, yametulia, maji juu yake safi kiasi cha kuweza kusoma jina la kiwanda. Akasimama kidogo. Kisha akaenda akapima mafuta, akarudi ofisini, akaandika kwenye daftari la uwanja: saa 10:10 alasiri, upepo wa kusini-magharibi, mafuta yapo ya kutosha, bwawa limejaa.

Uwanja wetu wa ndege ni mdogo, ila njia yake ya kurukia ni ndefu kuliko barabara kuu ya mji. Jeshi liliijenga mwaka 1942, hapa Saltbush, katikati ya jangwa la Arizona, ili vijana wajifunze urubani mahali ambapo wakianguka hawamwangukii mtu. Wakati wa vita kulikuwa na watu elfu nne na ndege mia mbili. Vita vilipokwisha jeshi likafungasha, likatuachia lami, banda moja la ndege, na bwawa. Leo mji una watu mia sita na uwanja una Orrin. Mnara wa kuongozea ndege hatuna. Rubani akikaribia anaita kwenye redio, Orrin anamwambia upepo unatoka wapi, basi.

Hata hivyo historia yetu tunaipenda, jamani. Kila mwezi wa Mei tunapika chapati za maji ndani ya banda, tunavaa kofia za wakati ule, na tunasoma majina ya vijana thelathini na mmoja walioanguka na ndege zao wakijifunza. Wengine tunalia. Ofisini kwa Orrin kuna chumba cha picha za kale na sanamu ya dukani iliyovalishwa koti la ngozi la rubani. Ukipita na gari ukasimama kununua soda, tutakuvuta mkono ukavione.

Jumatatu ile ya kwanza waliogelea watu wanne. Jumatatu ya tatu mji mzima ulikuwa pale, na Orrin alikuwa ameshayaopoa matairi yake. Utaratibu wa maji tuliuzoea upesi. Yalikuja saa kumi na dakika kumi, bila bomba lolote, na saa kumi na mbili na nusu yaliondoka yote kwa mkupuo, sakafu ikabaki kavu kama sahani iliyofutwa. Wala si ya bwawani tu. Mama mmoja alichota ndoo akamwagilia mawaridi yake. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu udongo ukakauka na majani yakalegea. Mwenye duka la vyakula aliyapikia kahawa, akanywa vikombe viwili, na muda ulipotimia akashikwa na kiu iliyomfanya aache wateja kaunta. Nywele zetu zilikauka dakika moja, tukiwa mezani tunakula. Alikuja jamaa mmoja wa mambo ya maji kutoka makao makuu ya jimbo, akajaza chupa tatu, akafika nazo kazini kwake zikiwa tupu, akaandika kwamba hakuona uchafu wowote. Hatukuendelea kuuliza. Sisi watu wa jangwani hatuna tabia ya kuyahoji maji.

Orrin ndiye aliyeyapenda kuliko sote. Ana miaka hamsini na minane na nyonga yake ya kushoto imekwisha, akitembea unasikia mwenyewe. Ndani ya maji nyonga ilinyamaza. Kwa muda wa saa mbili na dakika ishirini kila wiki mtu yule hakuwa na maumivu. Alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka, na ukimsemesha humo ndani alikujibu kwa upole mpaka ukadhani umekosea mtu.

Mama yake, Bi Leota, mwenye miaka sabini na sita, hakukanyaga. Wanakaa pamoja, nyumba ya mwisho kabla ya uzio wa uwanja.

"Mama, twende leo ukachovye hata miguu," Orrin alimwambia siku moja ya Julai.

"Hayo maji nayajua," Bi Leota akasema. Alikuwa barazani anamenya viazi. "Sina shida nayo."

"Unayajua vipi? Yameanza juzi tu."

"Yameanza juzi wapi. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanamwagwa."

Akamweleza huku anamenya, hakuinua kichwa. Wakati wa vita kambini kulikuwa na kikosi cha askari weusi, watu mia nne, waliolazwa mbali kule nyuma ya matangi ya mafuta. Wao ndio waliojaza ndege, waliochimba mitaro, waliokwenda kuwatoa marubani kwenye ndege zilizoanguka. Bwawa lilikuwa la weupe. Kikosi kilipolalamika, mkuu wa kambi akawapa Jumatatu, kuanzia saa kumi na dakika kumi, wakishahesabiwa, hadi saa kumi na mbili na nusu. Wakitoka, maji yote yanamwagwa. Wanasugua kuta na sakafu kwa brashi na magadi, wao wenyewe, kisha bwawa linajazwa upya usiku kucha ili Jumanne asubuhi weupe wakute maji mapya. Ilikuwa hivyo kila Jumatatu kwa miaka miwili na nusu. Huku mjini watu walikuwa wanaogesha watoto wanne kwa beseni moja, halafu beseni anapewa mbuzi.

"Maji yote yale yalikwenda wapi?" Orrin akauliza.

"Kwenye mtaro, mpaka korongoni. Unafikiri ile mipopla ilijiotea?"

Mipopla hiyo ni miti ishirini na kitu nyuma ya uzio, na ndiyo miti mikubwa peke yake tuliyo nayo Saltbush. Tunafungia ndoa chini yake. Orrin mwenyewe alifungia pale, na mimi pia.

"Nani aliamua yamwagwe?"

"Mkuu wa kambi. Mimi nilipiga chapa agizo lenyewe. 'Kwa sababu za afya,' ndivyo alivyosema niandike." Bi Leota akatupa kiazi kwenye sufuria. "Usinikazie macho. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, napiga chapa ninachopewa. Siku hiyohiyo nilipiga chapa na agizo la viazi."

Orrin hakumwambia mtu ila Bev Rusk, na kumwambia Bev ni kuutangazia mji. Bev ni meya wetu, na pia anaziba pancha. Ni mwanamke mwema, ukifiwa yeye ndiye anayefika wa kwanza na chakula. Habari ikaenea, na Jumatatu iliyofuata tukajikuta tumesimama ukingoni na taulo mabegani, maji yamejaa, kila mtu anachezea kamba ya bukta yake. Ni Bev aliyetuokoa.

"Hebu tufikiri," akasema. "Maji yanakuja saa kumi na dakika kumi. Saa kumi na dakika kumi wale walikuwa ndio kwanza wanafika. Hawajaingia bado. Kwa hiyo haya ni maji ya kabla. Ni safi."

Tukashusha pumzi. Tukaingia. Nakumbuka jinsi tulivyomshukuru, na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia lile neno 'safi' lilivyotoka. Mimi nililisikia miezi mitatu baadaye, nikiwa napiga mswaki.

Mwanzoni mwa Agosti gazeti moja la Phoenix likaandika habari fupi kuhusu bwawa letu, pamoja na picha ya Bev ameshika boya. Siku ya tatu simu ya uwanja ikalia. Alikuwa mzee, sauti yake kavu, hana haraka.

"Wanaandika hapa lina maji kila Jumatatu. Linajaa saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika kumi," Orrin akasema.

"Na kumi na mbili na nusu linamwagwa."

"Linaondoka lenyewe, bwana."

"Bado saa ileile basi," yule mzee akasema. Akajitaja: Ezell Magby, wa Oakland, miaka sabini na mitano, alikuwa askari Saltbush kuanzia mwaka 1943 hadi vita vilipokwisha. Aliuliza kama mtu anaruhusiwa kuja. Orrin akamwambia karibu sana, na akamaanisha.

Alifika Jumatatu ya tarehe kumi na tisa Agosti, saa nane mchana, na binti yake Corinne, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyeendesha gari. Mzee Magby alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa suti ya kijivu kwenye joto la nyuzi arobaini na mbili, na mkononi ana mfuko wa plastiki wenye taulo na bukta. Orrin akawakalisha ofisini mbele ya feni, akawapa chai ya barafu, akawapeleka kuona chumba cha picha. Kuna picha moja ya bwawa, marubani wanafunzi wamekaa ukingoni wanacheka. Mzee Magby akainamia kioo.

"Huu mkono ni wa Hosea wa kikosi chetu," akasema, akigusa pembeni mwa picha, pale unapoonekana mkono mweusi na mpini wa brashi, mtu mwenyewe amekatwa. "Alikuwa na pete ya shaba. Ndiye huyu."

Orrin ameifuta vumbi picha hiyo kwa miaka kumi na tisa, na mkono hakuwahi kuuona. Akasema wataandika jina lake hapo chini. Mzee akasema sawa.

Waliporudi kwenye viti, mzee akasema kilichomleta.

"Sikuja ili niombwe msamaha, msije mkaanza kunisomea hotuba. Nimekuja kwa kitu kimoja. Miaka miwili na nusu niliogelea bwawa lile, na sijawahi kumwona mtu akiingia kwenye maji baada yangu. Hata mara moja. Nikitoka, yanamwagwa. Na maji yenyewe tuliyokuwa tunapewa yalikuwa na jasho lenu la wiki nzima, Jumanne mpaka Jumatatu, yana mafuta ya nywele juu, na tuliingia tukafurahi. Sasa nataka niingie, halafu nimwone mtu mmoja anaingia baada yangu. Mmoja tu. Nikishamwona, nakwenda zangu."

"Baba," Corinne akasema, "ungeweza kuogelea Oakland."

"Oakland hawakumwaga maji baada yangu."

Orrin akasogeza kiti mbele. "Mimi nitaingia," akasema. "Kila Jumatatu naingia. Nyonga hii haipumziki mahali pengine."

"Baada yangu?"

"Baada yako, Mzee Magby. Nakuahidi."

Mzee akampa mkono, wakashikana. Orrin aliniambia baadaye kwamba mkono ule ulikuwa mzito, na kwamba wakati anasema vile, ulikuwa ukweli. Namwamini. Kama ningekuwa mimi nimekaa kwenye kile kiti ningeahidi vilevile.

Sasa Bev alikuwa amesikia kwamba anakuja askari wa zamani, na Bev hafanyi jambo nusu nusu. Saa kumi kasoro kulikuwa na viti mistari sita, bendera, meza ya chapati za maji ijapokuwa si Mei, na watu wapatao mia mbili wamevaa nguo za kuogelea na zile kofia za wakati wa vita. Maji yakaja kwa wakati wake. Mzee Magby akatoka kubadilisha nguo, miguu myembamba, kifua kimejaa mvi, na sisi tukasimama tukapiga makofi. Bev akashika kipaza sauti.

"Mzee Magby," akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, ya kweli kabisa, "mji wa Saltbush umeamua kukupa heshima inayokustahili. Leo hakuna atakayekusumbua. Leo bwawa ni lako peke yako."

Tukapiga makofi tena. Corinne akacheka, mara moja, puani.

"Peke yake ameshazoea," akasema. Waliokaa karibu naye wakajifanya wanaangalia bendera.

Mzee akashika reli ya ngazi, akashuka taratibu, maji yakamfika shingoni. Aliogelea vizuri. Akaenda hadi upande wa kina kirefu, akarudi, akaenda tena chali, tumbo juu, macho amefumba. Kisha akasimama katikati, maji kifuani, akajipangusa uso.

"Maji mazuri," akasema. "Mnangoja nini?"

Tukacheka, maana ilionekana ni pahali pa kucheka. Hakuna aliyesogea. Nitasema ilivyokuwa, maana nilikuwepo, mstari wa pili, na taulo la bluu. Kila mtu aligeuka kumtazama mwenzake. Mwenye duka la vyakula akasema ndio kwanza amekula. Mwingine akasema sikio lake lina dawa. Mama wa mawaridi akasema tusimharibie mzee siku yake, tumwache afaidi, na hilo tukalishika wote kwa mikono miwili: tusimharibie mzee siku yake. Watoto walitaka kuingia. Tuliwashika mabega.

"Karibuni," Mzee Magby akasema tena. Lakini alikuwa anamtazama Orrin peke yake.

Orrin alikuwa juu ya ngazi, bukta yake ya kahawia, mkono umeshika reli. Nyonga ilikuwa inamuuma kweli siku ile, alikuwa amesimama tangu asubuhi. Maji yalikuwa inchi nne kutoka kidole chake cha mguu. Hakuwa na chuki na yule mzee. Alimpenda, alikwishampenda tangu kwenye simu. Alichotaka ni mtu mwingine mmoja aanze, ili yeye awe wa pili. Watu mia mbili walikuwa nyuma yake kimya, wote anawajua kwa majina na wengine amesoma nao, na kesho asubuhi atakutana nao wakinunua maziwa. Alitazama maji. Hayakuwa na kitu chochote. Aliyatazama tena kama mtu anayetafuta kitu.

"Haya, kijana," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Uliniahidi."

"Ndiyo, mzee. Naingia."

Hapo redio ikaita. Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja, inauliza upepo wa Saltbush.

Orrin akaachia reli. "Lazima nijibu," akasema. "Ni kazi." Akageuka, tukampisha, akaenda ofisini akichechemea upesi kuliko nilivyowahi kumwona.

Ukutani nje ya ofisi kuna kipaza sauti, ili Orrin asikie redio hata akiwa kwenye matangi. Kwa hiyo tulisikia yote. Tulimsikia akimtajia rubani upepo. Rubani akashukuru, akasema hatui, anapita tu kwenda Yuma. Orrin akamtajia upepo mara ya pili. Akamuuliza ametoka wapi. Akamuuliza huko alikotoka kuna mawingu. Akamuuliza ndege yake ni ya mwaka gani, na kama injini zile bado zinachemka wakati wa joto, na kama ameshakula, maana Yuma kuna mahali wanapika samaki vizuri.

"Bwana," rubani akasema mwishowe, "uko salama huko chini?"

"Niko salama," Orrin akasema. "Yuma una jamaa?"

Katika bwawa Mzee Magby alikuwa amesimama, anasikiliza kama sisi. Hakuogelea tena. Kuna wakati aligeuka pole pole akatutazama mstari kwa mstari, kiti kwa kiti, na kila alipofika mtu aliinama kufunga kiatu, na wengi wetu hatukuwa na viatu. Mazungumzo ya Orrin na yule rubani yaliendelea hadi ndege ikawa mbali mno na sauti ikakatika. Hata hapo hakutoka. Tulimwona kupitia dirishani, amekaa, ameshika redio iliyonyamaza.

Saa kumi na mbili na nusu maji yakaondoka. Mzee akabaki amesimama katikati ya shimo la saruji, mkavu mwili mzima, mvi za kifuani zimesimama. Akangoja kidogo. Kisha akatembea hadi kwenye vidato vya upande wa kina kifupi, akapanda kimoja kimoja, Corinne akamwekea taulo ambalo halikuwa na kazi.

"Brashi siku hizi mnaweka wapi?" akauliza.

"Hapana, hapana, mzee wangu," Bev akasema, akimshika mkono kwa huruma zote za dunia. "Wewe usijisumbue. Tutasugua wenyewe."

Sijui nisemeje. Bev alilisikia neno lake safari hii, nilimwona linavyomfika. Akaachia mkono wa mzee. Chapati zilikuwa zinapoa, na mtu mmoja akaanza kukunja viti.

Orrin alitoka walipokuwa wanaingia garini. Alikuwa bado na bukta, na shati juu.

"Mzee Magby," akasema dirishani. "Kulikuwa na ndege."

"Niliisikia," mzee akasema. "Ilikuwa inakwenda Yuma."

"Njoo Jumatatu ijayo. Nitaingia. Nakuapia, nitaingia hata peke yangu."

Mzee Magby alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyekusalimia kwa jina la mwingine. "Nina miaka sabini na mitano," akasema. "Jumatatu zangu nimezimaliza." Akafunga kioo. Corinne akawasha gari. Walilala wapi usiku ule hatujui, kwetu hawakulala.

Nyumbani Bi Leota alikuwa barazani. Kipaza sauti cha ofisini kinafika hadi pale.

"Hukuingia," akasema.

"Kulikuwa na ndege, mama."

"Siku zote kulikuwa na ndege," Bi Leota akasema, akaingia ndani kupakua chakula. Orrin akakaa kwenye ngazi ya baraza, akalia, bila sauti, muda mrefu. Mama yake alikiweka chakula mezani akakifunika.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nilikwenda uwanjani na brashi. Sikumwambia mtu na hakuna aliyeniambia. Nilikuta watu kumi na watatu wameshafika. Bev alikuwepo, mwenye duka alikuwepo, mama wa mawaridi alikuja na magadi kilo mbili. Tulisema ni ukungu, bwawa likishikwa na ukungu ni hatari kwa watoto. Maji yale hayakuwahi kuacha hata tone, na tangu Juni hatukuwahi kusugua. Tulipiga magoti tukasugua kuta na sakafu hadi saa nne, mimi nikiwa upande wa kina kirefu, na hatukuangaliana. Orrin alitupitishia mpira wa maji ya kusuuzia. Tulikusanya brashi tukaziweka nyuma ya banda, zikauke.

Jumatatu iliyofuata maji yalikuja saa kumi na dakika kumi. Orrin akatangulia, akashuka ngazi, akaogelea mpaka mwisho na kurudi. Sote tukaingia baada yake.